Naitwa Makoye, mchumba anataka nijitambulishe ukweni kwa jina jingine

Shikamoo Mama,

Nilizaliwa mwaka 1996, naishi Igogo hapa Mwanza, na nauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Nanunua kwa wanaotoka visiwani, naanika upya, nafungasha kwenye magunia na kuwatumia wateja wangu wa Dodoma na Morogoro. Jina langu la kwanza unaweza kulichapa, maana kina Makoye tuko wengi kuanzia Magu hadi Bariadi. La ukoo naomba ulifiche. Kwa wasomaji wasiojua Kisukuma, makoye ni shida, matatizo.

Nina mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, tunapendana na hatujawahi kugombana kwa jambo kubwa. Kwao ni Nansio, Ukerewe, na baba yake ni mzee wa kanisa. Mshenga alishapeleka barua, ikajibiwa vizuri. Barua aliiandika baba mkubwa, ikasema "kijana wetu" bila jina. Sasa tumepangiwa siku ya kwenda kujitambulisha na kuambiwa mahari. Nitasimama mbele ya wazee wake, niseme mimi ni nani na ninaamini nini. Kwao ndivyo wanavyofanya.

Kumbe mchumba nyumbani kwao huwa ananitaja kwa jina la Emmanuel. Jina hilo nilipewa na mchungaji wa kanisa analosali hapa mjini. Jumapili moja alihubiri habari za Yabesi, yule ambaye mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni, akasema mtu huishi jina lake, kwa hiyo majina ya mikosi yavunjwe kwa maombi. Mchumba akanishika mkono. Baada ya ibada tukapelekwa mbele, nikaombewa, nikaambiwa tangu leo wewe ni Emmanuel. Jina ni zuri, silichukii. Ila nikiitwa sigeuki.

Ameniandikia maneno ya kusema. Ni karatasi aliyoichana kwenye daftari lake la maandalio ya somo, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni na kalamu nyekundu ya kusahihishia: "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa Emmanuel, nimeokoka, nampenda Yesu, ya kale yamepita." Naiweka kwenye mfuko wa shati, naisoma nikiwa kazini. Mwisho wa mstari wa kwanza ulimi unakwama.

Mama, jina langu lina habari yake. Baba alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Mimi nilizaliwa Julai. Haya nimeyapata kwa mama mdogo. Mama mwenyewe hajawahi kunieleza na mimi sijawahi kumuuliza, kwa sababu ikitajwa meli tu anainuka anaondoka. Tangu mwaka ule hajapanda chombo chochote cha majini. Safari hii amesema atakwenda Ukerewe, ameshanunua hadi kitenge. Nitasimamaje mbele yake niseme naitwa Emmanuel?

Mchumba anasema baba yake hatalipokea jina langu. Dada yake mkubwa aliolewa akaachika, na mzee alisema wazi kwamba binti yake aliingia kwenye ukoo wenye mambo ya kienyeji. Anaogopa yasije yakajirudia. Nami siwezi kumlaumu, kwa sababu kuna siku dagaa wangu wote walinyeshewa wakiwa juu ya mchanga wakaoza, nikakaa chini nikawaza kwamba labda ni kweli, labda shida zinanifuata kwa kuwa naitwa hivyo.

Upande wa imani, naamini Mungu yupo na huwa namwomba. Nasali na mchumba ila sijabatizwa, ndiyo kwanza nimeanza mafundisho. Siwezi kusema siku niliyookoka, kwa sababu haijatokea siku ya namna hiyo. Naamini pia kwamba babu zangu hawakuwa wajinga. Mwaka juzi baba mkubwa alipotambika kwenye kaburi la babu kule Magu nilikuwepo, nilivua kofia, nikapewa unga wa mtama uliokorogwa na maji nikanyunyiza. Mchumba hajui.

Nisimame kama nani, Mama? Nisaidie.

Makoye, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Nimekuita mwanangu kwa kuwa nina watoto wa umri wako, na pia kwa kuwa barua yako imenigusa mahali ambapo watu wengi wa ziwa hili hatupendi kupagusa. Mei 1996 nilikuwa Mwanza. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza, na makaburi ya Igoma, walikozikwa wahanga wa meli ile, tunayajua. Walikufa zaidi ya watu 800, na nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mke, mzazi, mtoto, na wengine waliokuwa bado tumboni kama wewe. Pole sana kwa baba. Najua ni pole iliyochelewa, lakini yawezekana hakuna aliyewahi kukupa wewe, kwa vile ulizaliwa matanga yakiwa yamekwisha.

Nieleze nilivyokuelewa, nawe utanisahihisha. Unatakiwa usimame ukweni na kusema vitu viwili, jina lako na imani yako, na kwa vyote viwili umeandikiwa maneno ambayo hujayafanya kuwa yako. Ukiyasema, unahisi utamkana mama yako akiwa ameketi palepale. Usipoyasema, unaogopa kumpoteza binti unayempenda. Na katikati kuna hofu ndogo ambayo hukuipa nafasi kubwa kwenye barua, kwamba huenda wanaosema jina lako ni mkosi wanasema kweli.

Nianze na hiyo hofu.

Unawajua Wasukuma kuliko mimi, lakini acha nikukumbushe. Mabula alizaliwa mvua inanyesha. Kulwa na Doto walikuja pamoja, Shija akawafuata. Nyanzala alizaliwa wakati wa njaa, na wapo kina Nyanzala wenye maghala yaliyojaa. Majina haya yanataja kilichokuwa kikitokea nyumbani siku mtoto alipofika. Sijawahi kusikia mzazi akimwita Nyanzala kwa kumtakia njaa. Na si kwa Wasukuma tu. Huko pwani wako kina Tabu, Shida na Mashaka, tunasali nao na kuoana nao. Rais wetu wa tano, mtu wa Chato hapo ng'ambo, aligombea na kuapishwa akiitwa John Pombe Joseph Magufuli, na jina la Pombe halikumzuia kuingia Ikulu.

Kuhusu dagaa, nakuuliza: siku ile ilinyesha kwako peke yako? Nijuavyo mimi mwaloni, mvua ikija bila taarifa inalowanisha wa Emmanuel na wa Makoye sawasawa. Majirani zako walipata hasara ileile, ila wao hawakuwa na jina la kulisingizia. Hilo naomba ulitafakari, kwa sababu mtu akishaamini jina lake lina mkosi, kila hasara inakuwa ushahidi na kila faida anaiona bahati tu.

Simdharau mchungaji wako. Watu wengi wamepata nguvu kwa kuombewa, na kupewa jina jipya ni jambo la kale katika imani yenyewe, Abramu akawa Abrahamu, Yakobo akawa Israeli. Lakini kaa na Biblia yako ufungue 1 Nyakati sura ya 4, mstari wa 9 na wa 10, usome mwenyewe taratibu. Yabesi aliomba abarikiwe na mipaka yake ipanuliwe, Mungu akampa alichoomba. Hakuna palipoandikwa kwamba jina lilibadilishwa. Alibarikiwa akiitwa Yabesi, na mpaka leo tunamwita Yabesi. Ukienda Mwanzo 35 utakuta kinyume chake: Raheli akiwa anakata roho alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, na baba akamwita Benyamini. Kwa hiyo Maandiko yana njia zote mbili. Na kwa wanaodhani jina lisilo la Kikristo haliwezi kuingia kanisani, yupo Apolo wa kwenye Matendo ya Mitume, mhubiri hodari aliyebeba jina lenye mzizi kwa mungu wa Wagiriki, na Paulo hakumwambia alibadili. Hata Kanisa Katoliki, ambalo zamani liliwataka wabatizwa wawe na jina la mtakatifu, katika sheria zake za mwaka 1983 linataka tu jina lisiwe geni kwa maana ya Kikristo. Wewe hujabatizwa. Muulize mchungaji wako kwa heshima, mkiwa wawili tu, kama ubatizo wake unadai jina jipya au lile lilikuwa pendekezo lake kwa upendo. Majibu hayo mawili yana uzito tofauti kabisa.

Sasa baba mkwe. Nimeitafuta kwenye barua yako sentensi hata moja aliyoisema yeye juu yako, sijaiona. Kila unachokijua umekipata kwa mchumba, na mchumba anazungumza kutoka kwenye kidonda cha dada yake. Sisemi anakosea, yeye ndiye anayemjua baba yake. Lakini mzee aliyesema binti yake aliingia kwenye ukoo wenye mambo ya kienyeji hakutaja jina la mtu. Yamkini alikuwa analia kwa njia ya wazee, akitafuta pa kuweka uchungu wa binti kurudi nyumbani. Na yeye ni mtu wa Ukerewe, nyumbani kwake hakosi bibi au babu mwenye jina lililotokana na tukio. Huyo mzee hajawahi kusikia habari za baba yako. Unajuaje atasema nini akizisikia? Anaishi kisiwani, na watu wa visiwani wanajua maana ya kumsubiri mtu ambaye chombo hakikumrudisha.

Njia ulizo nazo naziona hivi, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kusema Emmanuel na kuishia hapo. Siku itapita vizuri, chakula kitaliwa. Tatizo ni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe si chini ya siku 21 kabla, ikiwa na majina halisi ya wahusika, na kanisani nako ndoa hutangazwa. Kitambulisho chako cha NIDA kinasema Makoye. Kwa hiyo mzee atalisikia tu, na safari hiyo atalisikia kama jambo lililofichwa. Ukitaka kubadili kisheria inawezekana, wakili atakuandalia hati na itasajiliwa, kisha utaanza kuzunguka kwenye ofisi moja baada ya nyingine, huku vyeti vya mtihani ulivyovipata ukiwa Makoye vikiendelea kusomeka Makoye. Wapo waliofanya hivyo na wametulia. Kwako wewe naona swali ni kama utakuwa umelichagua jina hilo au umelikimbilia.

Unaweza kusema yote mawili: naitwa Makoye, na kanisani wananiita Emmanuel. Wengi wetu tunaishi hivyo na hakuna anayeshangaa. Itakubidi tu uwe umeamua mwenyewe kwamba Emmanuel ni wako pia. Ukisema mwenyewe kwamba hugeuki ukiitwa, nadhani hujafika hapo, na si dhambi. Labda utafika siku ya ubatizo, labda hutafika.

Au unaweza kusema Makoye na kueleza kwa nini. Hii ndiyo inayonivuta, nakiri, lakini ina hatari ambayo huenda hujaiona. Habari hiyo si yako peke yako. Ni ya mama yako kwanza, na ameifungia ndani maisha yako yote. Ukiitoa mbele ya wageni bila yeye kujua, unaweza kumwumiza kuliko hilo jina Emmanuel lingemwumiza. Mfuate kabla ya siku hiyo. Usianze na meli. Mwambie tu, mama, nakwenda kujitambulisha ukweni, nataka nijue namna nzuri ya kulitaja jina ulilonipa. Anaweza kunyamaza, anaweza kuinuka aondoke kama kawaida yake. Anaweza pia kukushangaza. Mama ambaye hajapanda chombo tangu mwaka ule na sasa amenunua kitenge cha kwenda Ukerewe kuna jambo ameshaanza kulifanya moyoni, na wewe hajakwambia. Ukimwuliza, kuwa tayari kwa jibu lolote, hata akikwambia, mwanangu, jiite Emmanuel, mimi nimechoka kulisikia hilo. Nalo litakuwa neno lake, na utajua la kufanya.

Na kwa ajili yake, acheni meli ya Nansio. Piteni barabara ya Bunda hadi Kisorya, mvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Safari ya majini ni fupi, ng'ambo anaiona kwa macho. Kaa naye upande aliouchagua mwenyewe.

Kuna jambo nimelibakiza makusudi. Kuhusu jina umeandika kurasa, kuhusu kaburi la babu yako umeandika mistari michache na ukamaliza na maneno mawili: mchumba hajui. Mwanangu, nadhani ulimi wako haukwami kwenye jina peke yake. Kwenye ile karatasi nyekundu kuna maneno "ya kale yamepita", na wewe unajua hayajapita.

Sitakwambia kama ulikosea kunyunyiza ule unga. Wakristo wa Usukumani wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Pale Bujora, Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada aliingiza ngoma na alama za utemi wa Kisukuma ndani ya ibada, na kila Juni watu bado wanacheza kwenye sherehe za Bulabo. Lakini ngoma ni jambo moja, kutambika ni jingine, na kanisa la mchumba wako pengine linakataa kabisa. Wana haki ya kuamini hivyo, na yeye ana haki ya kujua anaolewa na mtu anayesimama wapi. Fikiria akija kulisikia kwa binamu yako siku ya msiba kule Magu, miaka mitano ndani ya ndoa. Ndicho kinachomtisha tangu kwa dada yake, na kitakuwa kimemkuta kwa mtu aliyemwamini.

Ukimwambia sasa, unaweza kumpoteza. Sikufichi. Anaweza kulia, anaweza kuomba muda, anaweza kumwambia mchungaji. Inawezekana pia akakuuliza swali ambalo hajawahi kukuuliza, kwamba wewe ulipokuwa umesimama pale ulikuwa unawaza nini. Una jibu? Mimi ningependa kulijua. Ulikuwa unamwomba babu, au ulikuwa unamheshimu, au ulikuwa mtoto asiye na baba aliyepewa nafasi ya kusimama na wanaume wa ukoo wake? Huenda ni yote. Jibu hilo likieleweka kwako, maneno ya ukweni yatapungua ugumu.

Maana kuhusu imani hulazimiki kusema kingi kuliko ulicho nacho. "Namwamini Mungu, nasali, nipo kwenye mafundisho ya ubatizo" ni maneno ya kweli, kila mzee wa kanisa anayaelewa, na wengine huyapenda kuliko "nimeokoka" iliyokaririwa. Ni kweli mzee anaweza kukubana: lini umeokoka? Unaweza kumjibu, baba, bado najifunza, naomba mniombee. Anaweza asiridhike na kusogeza mambo mbele mpaka ubatizwe. Je, hilo ni baya kiasi gani? Kwa mtu anayetaka ndoa mwaka huu ni pigo. Kwa mtu anayetaka kubatizwa bila kusukumwa huenda ni nafasi. Wewe ndiye unayejua uko upande gani.

Mtumie pia mshenga, ndiyo kazi yake. Akitangulia kumdokeza mzee, kwa lugha ya wazee, kwamba kijana wetu ana jina la msiba wa baba yake, mtafika Nansio mzee akiwa ameshalala nalo usiku mmoja au miwili. Ila mchumba ajue kabla mshenga hajaondoka, na mama awe ametoa ruhusa. Ukivuruga mpangilio huo utakuwa umewakosea wanawake wawili kwa siku moja.

Karatasi usiitupe. Mrudishie, umwombe mkae muiandike upya pamoja, wewe ukisema yeye akiandika. Ni mwalimu, atakuuliza maswali. Pale mtakapokwama ndipo penye mazungumzo yenu, na msikimbilie kupamaliza siku hiyohiyo. Kama siku ya Nansio iko karibu mno, tarehe inaweza kuombewa kusogezwa, wazee huelewa.

Niandikie tena ukishaongea na mama. Na kama mchumba wako anasoma safu hii na amejitambua, namwambia naye, binti yangu, hofu yako naielewa, na ningefurahi kupata barua yako pia.

Wako,
Mama wa Ushauri